Msimu Nilipokuwa Sauti ya Kamanda Sada

Sauti ya Mjomba Kulwa ulikuwa unaisikia kabla hujaliona banda lake. Ukishuka kutoka kwenye majabali ya juu Kirumba, ambako nyumba zetu zimejengwa zikiegemea mawe makubwa, ulikutana kwanza na harufu ya dagaa walioanikwa kule Mwaloni, harufu ile inayoingia hadi kwenye sare za shule na kukataa kutoka. Ukishuka zaidi ulisikia spika ikikoroma, halafu sauti yake: nene, yenye mbwembwe, ikisimulia vita vya nchi ya mbali kama vile vimepiganwa jana Pasiansi. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, na magunia meusi yalikuwa yamepigiliwa madirishani ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na miaka ya kukaliwa, televisheni kubwa juu ya meza, na pembeni yake kiti cha Mjomba, mdogo wake mama, mtafsiri wa filamu aliyejulikana mtaa mzima. Alikuwa anayasoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha na papo hapo anayageuza kuwa Kiswahili cha kwetu, akiigiza sauti za wote, wazee kwa watoto, majambazi kwa malaika.

Mimi wakati huo nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na kigugumizi. Sisemi kigugumizi cha kusitasita kidogo mtu akiwa na haya. Nasema cha kukwama kabisa, taya limekaza, macho yamefumba, neno limekaa kooni kama mwiba wa sato. Herufi P ilikuwa ukuta, na kwa bahati yangu nilibatizwa Pendo. Darasani kulikuwa na mvulana anaitwa Deus, mchangamfu na mwenye ulimi mwepesi, ambaye aliniita Pikipiki kwa sababu, alisema, nilipigwa kiki asubuhi nzima bila kuwaka. Jina likanata. Nikitumwa dukani kununua pilipili, nilirudi na nyanya, maana nyanya ilikubali kutoka mdomoni, na nilipokea maneno ya mama bila kujitetea. Hata wakubwa niliwakimbia njiani. Kusema shikamoo kulinichukua muda mrefu hivi kwamba wengine waliitikia marahaba kabla sijafika mwisho, kwa huruma, wakaendelea na safari, nami nikabaki barabarani nimeshika nusu ya neno. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipofika kwenye jina langu katika zamu za kusoma kwa sauti, aliliruka. Alidhani ananisaidia. Mama naye, aliyekuwa akiuza dagaa Mwaloni na aliyeweza kupatana bei na watu wengi kwa wakati mmoja, alinisemea kila mahali: hospitalini, kanisani, kwa majirani. Kwa hiyo nilikua nikijua kusikiliza vizuri sana na kunyamaza vizuri zaidi.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika, mama hakutaka nibaki nyumbani peke yangu, akanipeleka nishinde bandani kwa mdogo wake. Ndipo zilipoletwa zile katuni za Kijapani. Rafiki yake Mjomba alizitoa Dar es Salaam kwenye flashi, sehemu nyingi za hadithi moja ndefu, na kila siku alasiri Mjomba alionyesha sehemu mbili au tatu. Zilihusu mji wa bandari uliojengwa juu ya nguzo katikati ya bahari, na meli za chuma zilizokuwa zikishuka kutoka mawinguni kuuangamiza. Jeshi la watu wazima lilikuwa limekwisha kufa. Waliobaki ni vijana wadogo wenye vyombo vya kuruka juu ya maji, na aliyewafundisha na kuwaongoza alikuwa mwanamke mmoja. Jina lake la Kijapani lilikuwa refu. Lilianza na Sada, nasi tukaishia hapo, kwa kuwa kina Sada tulikuwa nao wengi pale mtaani. Akawa Kamanda Sada.

Mjomba aliihamisha hadithi yote ikaja kwetu. Daraja la Busisi lilikuwa halijajengwa, basi adui wakitokea ghafla yeye alitangaza kwamba hawa wamevuka Busisi bila kupanga foleni ya pantoni. Vijana wakila, walikula ugali na sato. Mpiganaji mmoja mwenye majigambo alimpa kwao Kisesa, na watazamaji waliotoka Kisesa wakamshangilia kama ndugu yao wa damu. Baada ya muda mfupi watu wazima walianza kuja. Walikuja mafundi wa pikipiki, wakaja wanachuo, na mwisho wakaja akina mama wa Mwaloni na ndoo zao tupu, mama yangu akiwa mmoja wao, wakisema wamepita tu kupumzisha miguu.

Lakini nilichokuja kukitazama mimi ni Kamanda. Alikuwa na mkono mmoja. Nywele zake za mvi zilikatwa fupi, na koti lake refu la kijani liliburuza chini. Hakupiga kelele hata meli za chuma zikiwa juu ya kichwa chake. Kabla ya kutoa amri aliwatazama vijana wake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na katika kuwatazama huko alikuwa kimya muda ambao kwangu mimi ulikuwa wa kutisha. Mwanzoni Mjomba hakuupenda ukimya ule. Mtafsiri halipwi kunyamaza, alisema, hivyo akaujaza kwa vichekesho vyake. Siku moja mama mmoja wa Mwaloni akamwambia kutoka gizani, kwa utulivu kabisa, "Kulwa, mwache mama wa watu afikiri." Banda likacheka, na tangu siku hiyo Mjomba alimwacha.

Nami nikaanza kusubiri nyakati zile kuliko vita vyenyewe. Kamanda akinyamaza, watu wanasogea mbele kwenye mabenchi. Nikinyamaza mimi, watu wanatazama pembeni au wanacheka. Niliugeuza jambo hilo kichwani kwa siku kadhaa. Wote wawili tulikuwa hatusemi kitu, na muda ulikuwa uleule. Tofauti niliyoiona ni kwamba yeye, akiwa kimya, alikuwa anawatazama watu usoni, na mimi nilifumba macho.

Juu ya nyumba yetu kulikuwa na jabali pana lililoangalia ziwa, na asubuhi, kabla jua halijalichoma, lilijaa mijusi, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanaopenda kuitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lilikuwa jeshi langu la kwanza. Nilijifunga kitenge cha mama shingoni kiwe koti, nikaukunja mkono wa kushoto ndani, nikasimama. Niliwatazama mijusi mmoja mmoja. Nilivuta pumzi. Nikawaambia, kwa sauti nzito ya Kamanda, kwamba leo wasitazame ukubwa wa meli, watazame inapoelekea. Maneno yalitoka yote. Mijusi wakaitikia kwa vichwa. Nilirudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Sitasema kigugumizi kiliondoka, kwa sababu nilikwama mara nyingi tu. Lakini nilikwama kwa namna nyingine. Neno likigoma, nilibaki nimewatazama mijusi mpaka lilipokubali, na hapakuwa na aibu katikati.

Asubuhi moja Mjomba alipanda kunitafuta twende bandani, akanikuta katikati ya hotuba. Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu tangu lini. Nilipogeuka nikamwona, nikaanza kukifungua kitenge shingoni. Hakucheka wala hakunisifu. Alikaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu, akasema, "Endelea, Kamanda." Sikuweza. Alisubiri kidogo, kisha tukashuka pamoja, na njiani akanieleza kwamba siku zote amesumbuka na sauti ya Kamanda, kwa kuwa yeye ni mwanaume mnene na akimwigiza anatoka kama mzee wa kanisa mwenye mafua. Akaniomba nimsaidie. Siku ile ile alasiri angenipa sentensi moja tu.

Ile sentensi ilianza na neno pandeni. Kamanda alikuwa anawaamuru vijana wapande vyombo vyao. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya Mjomba, kipaza sauti kimeloa jasho la mikono yangu, na ilipofika zamu yangu niliogopa kuchelewa, nikaiparamia P kabla ya wakati, ikanikamata. Spika ikatoa p, p, p, kubwa, mtaa mzima. Pale mbele Deus akasimama na kuanza kuipiga kiki pikipiki isiyoonekana, na banda zima likaangua kicheko. Mjomba alichukua kipaza sauti taratibu mkononi mwangu akaendelea na hadithi. Nilitoka nje nikaenda kukaa ufukweni, kwenye mawe yanayolambwa na maji, mpaka mama aliponipitia.

Asubuhi yake nilikataa kwenda. Mjomba alikuja mwenyewe, akaniambia hanitaki kwa kusema, ananitaka kwa kutazama. Bandani hapakuwa na mtu. Aliiwasha picha bila sauti, akairudisha pale Kamanda anapotoa amri ileile, na akaniagiza nimwambie ni wakati gani anavuta pumzi. Tuliitazama tena na tena. Mchoraji alikuwa amemchora mabega, na kama ulitazama kwa makini, yalipanda kidogo. Kwanza macho, halafu mabega, halafu mdomo. "Umeona," alisema Mjomba. "Wewe jana ulisema kabla ya kuvuta pumzi. Ulikuwa unawaomba msamaha watu ambao hujawakosea." Tangu siku hiyo tulifanya kazi kila asubuhi, mimi na yeye na mabenchi matupu. Alinifundisha kwamba mtafsiri hamkimbizi mtu wa kwenye picha, anatembea naye. Akanifundisha kukishika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, na kuwatazama watazamaji badala ya waya. Sikuomba kupewa sentensi nyingine, naye hakuitaja.

Sehemu ya mwisho ilipangwa kuonyeshwa Jumamosi. Wiki ile Mjomba alikuwa amepata kazi ya kutangaza mitaani, akizunguka juani juu ya gari lenye spika kutoka Kirumba hadi Butimba, na Ijumaa alirudi na sauti imepasuka. Jumamosi asubuhi haikuwapo kabisa. Akifungua mdomo, ilitoka hewa tu. Mganga wa zahanati alimkataza hata kunong'ona. Mjomba alininong'oneza hivyo hivyo hadithi yote tulipoitazama pamoja, akinionyesha kwa vidole nani anasema nini, na nilidhani ananieleza ili nisikose uhondo.

Alasiri banda lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Nje, wengine walikuwa wamejibana kwenye nyufa za mabati. Mjomba aliposimama na kuwaonyesha koo lake, kukawa na manung'uniko. Fundi mmoja akasema basi waitazame bila tafsiri. Mwingine akasema kuna banda Igogo wanaionyesha leo hii, waende huko, na kweli watu wa nyuma walianza kuinuka. Mjomba alinitazama. Hakunipa ishara yoyote. Alikiweka kipaza sauti juu ya kiti chake, akasogea pembeni.

Mama alikuwa benchi la tatu. Aliinuka akaja hadi mbele, akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini lakini mimi nikasikia, "Kulwa, usimfanyie hivyo mwanangu. Watamcheka mpaka lini?" Akanishika mkono tuondoke. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache, na yalitoka kwa kukatikakatika: "Ma-mama. Niache nijaribu." Halafu akauachia mkono wangu, akarudi kukaa, akafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Nikakaa kwenye kiti cha Mjomba.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Vijana wa kwenye hadithi ile walisema kwa kasi, wakipokezana, na nilipojaribu kuwafuata nilikwama kwa wa kwanza, nikakwama kwa wa pili, na kicheko kikaanza kutambaa kutoka benchi la Deus. Hapo nikafanya jambo ambalo Mjomba hakunifundisha, na sijui hata leo lilitoka wapi. Niliacha kuwaigiza vijana. Niliamua kwamba hadithi yote ataisimulia Kamanda. Nilinyanyua kichwa, nikawatazama watu waliokuwa wananicheka, benchi baada ya benchi, nikavuta pumzi, na kwa sauti yake nikasema, "Huyu kijana anajifanya kucheka. Mimi ninamjua. Anaogopa." Kwenye picha yule wa Kisesa alikuwa anacheka kweli, ila mikono yake ilikuwa inatetemeka. Banda likatulia. Nikaendelea hivyo. Meli za chuma zilipotokea, Kamanda ndiye aliyeziona. Nguzo za mji zilipovunjika, Kamanda ndiye aliyezitaja, moja moja, kama mtu anayetaja nyumba za mtaa wake. Waliokuwa wanakwenda Igogo walikuwa wamesimama mlangoni, na mlangoni wakabaki.

Karibu na mwisho, lango la bandari linavunjika, na lazima mtu abaki kulishikilia ili wengine wapite wakazizunguke meli kwa nyuma. Kamanda anabaki, na mkono wake mmoja ule. Vijana wanakataa kumwacha. Anageuka, anawatazama. Huo ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote katika hadithi nzima, na nilinyamaza naye. Kisha mabega yake yakapanda, mdomo ukafunguka, nami nikafungua wangu, na neno likakataa. Halikuwa igizo, nilikuwa nimekwama kwelikweli. Kamanda kwenye picha alikwishasema na kufunga mdomo, na mimi bado. Lakini sikufumba macho. Nilimtazama mama, nikawatazama mafundi, nikamtazama Deus, na wao wakanitazama, wameinama mbele, wakisubiri kama walivyozoea kumsubiri yeye. Hakuna aliyecheka. Lilipokubali, lilitoka zima: "Msinifuate. Sikuwafundisha kunifuata mimi. Niliwafundisha kuona."

Mama mmoja wa Mwaloni aliangua kilio. Kwenye picha vijana waliondoka, wakazizunguka meli, wakazichoma moja baada ya nyingine, halafu, kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze, wakamwasi kamanda wao. Wakarudi. Walipenya langoni kwenye moshi, wakamkuta amepiga goti, bado ameshikilia, wakamnyanyua wote kwa pamoja. Sikuwa tena na haja ya kukumbuka Mjomba alininong'oneza nini. Nikasema, "Nimewaona." Na banda lote likasimama. Vigelegele vya akina mama vilitikisa mabati, waliokuwa nje wakapiga kuta kwa viganja, mafundi wakarushiana kofia, na mtu akanibeba mabegani akanitoa nje kwenye jua. Tukipita kuelekea mlangoni nilimwona Deus katikati ya msongamano akiwa amepanda juu ya benchi, anapiga makofi mikono juu, kinywa wazi. Mjomba alikuwa amejiegemeza mlangoni, anacheka bila sauti huku machozi yakimtiririka. Mama alipita katikati ya watu, akanipokea. Hakunisemea kwa mtu yeyote jioni ile. Kila mtu alipotusimamisha njiani kunipongeza, mama alinisubiri nijibu mwenyewe.

Likizo iliyobaki nilikuwa sauti ya Kamanda rasmi, kwa sababu watu waliomba hadithi irudiwe tangu mwanzo. Nikipita mtaani niliitwa Kamanda, na wakubwa walisimama nimalize shikamoo yangu. Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa Kiswahili alifika kwenye jina langu akataka kuliruka kama kawaida. Nilisimama. Nikawatazama wenzangu, nikavuta pumzi, nikasoma aya nzima. Nilikwama mara kadhaa na nilichelewesha kipindi. Mwalimu aliketi kwenye kona ya meza akasikiliza mpaka nukta ya mwisho, na tangu wiki ile nilisoma zamu zangu zote.

Sasa mimi ni mwalimu, nimesomea chuo cha ualimu Butimba, na nafundisha Kiswahili. Banda la Mjomba halipo, pale pamejengwa duka la simu, na yeye anasherehesha harusi kwa sauti ileile nene. Wanafunzi wangu hutazama katuni zao kwenye simu, kila mmoja na spika zake masikioni, picha safi kuliko zetu na hakuna mtu wa kuwaambia kwamba wapiganaji wamekula sato. Siwaonei huruma, wana raha zao. Ila huwa nawaza kwamba wakicheka wanacheka peke yao, na ile siku yangu isingewezekana bila watu wengi kubanana mahali pamoja, wakiwa na hiari ya kucheka au kusubiri, wakachagua kusubiri.

Kigugumizi changu bado ninacho. Mwaka huu, kwenye mahafali ya darasa la saba, nilipewa kazi ya kuzungumza na wazazi kwa niaba ya walimu. Mahema yalijaa. Nilisalimu vizuri, nikaanza, na katikati ya sentensi ya pili nikakwama muda mrefu kiasi kwamba kijana wa mitambo alikimbia jukwaani akaanza kukagua waya, akidhani spika zimekatika. Nilimwonyesha kwa mkono akakae. Kipaza sauti kilikuwa kizima, na mimi nilikuwa mzima. Nikawatazama wazazi safu kwa safu, nikachukua muda wangu wote, nikaendelea.